Mouton alikuwa divisheni ya pili, shemeji

Jumamosi tulikuwa kwa rafiki yangu Tabata, mbuzi yuko jikoni anageuzwa, mara shemeji wa mwenye nyumba akatoa simu akaanza kutupitishia picha ya chupa ya Mouton Rothschild, waini ya Ufaransa, mwaka 1973, lebo yenye mchoro wa Picasso. Akaangalia glasi zetu za waini ya Dodoma akasema, "Hii sasa ndo waini, daraja la kwanza, hizo zenu juisi zimechacha." Hajawahi kuinywa. Na mimi sijawahi, tusidanganyane. Ila nilipandwa na hasira ambayo haikuwa ya chupa, ilikuwa ya cheti changu cha kidato cha nne.

Maana wiki hiyohiyo kuna ofisi walikuwa wamenidai hicho cheti. Nina miaka 43, kazi nimefanya miaka 19, na bado mtu anashika karatasi nililofanyia mtihani nikiwa na malaria anaguna, "Divisheni ya tatu, eeh."

Sasa shemeji sikia. Huyo Mouton unayemsujudia alikaa divisheni ya pili miaka 118. Mwaka 1855 Napoleon wa Tatu, mtawala wa Ufaransa, ana maonyesho yake Paris, waini za Bordeaux, eneo lao la mizabibu, zinatakiwa zipangwe madaraja, madalali wakakaa wakapanga, na walichoangalia zaidi ni bei ya sokoni. Bei! Mashamba manne, Lafite, Latour, Margaux na Haut-Brion, wakapewa la kwanza, Mouton la pili, muhuri ukagongwa. Nathaniel de Rothschild alikuwa kalinunua hilo shamba 1853, hata hajamaliza kupanga vyombo matokeo yakatoka.

Halafu 1922 akaja kushika shamba kijana wa miaka 20 wa ukoo huohuo, Philippe. Enzi hizo shamba linauza mapipa, mfanyabiashara mjini ndo anajaza chupa, na akiongeza chake humo katikati nani atamuona? Philippe 1924 akasema waini yake yote inajazwa chupa hapahapa shambani, kijijini Pauillac, akawashawishi na wale wakubwa wa daraja la kwanza wafanye hivyo, akajenga na ghala la urefu wa mita 100 maana mapipa hayakuwa tena na pa kukaa. Yaani aliyefeli ndo anawafundisha waliofaulu. Na kwa majivuno akawa na msemo wake: wa kwanza siwezi, wa pili sitaki, mimi ni Mouton.

Ila kinachoniuma mimi ni 1945. Vita ndo inaisha, mke wake Élisabeth kafia Ravensbrück, kambi ya mateso ya Wanazi, mwaka huohuo, na mizabibu ikatoa waini ambayo mpaka leo wajuzi wanaitaja kati ya bora kabisa za karne nzima. Lebo waliichora herufi V ya ushindi, na kuanzia hapo ndo ikawa desturi kila mwaka msanii mwingine. Daraja lake wakati huo? La pili!

Ikaja 1973, Chirac akiwa waziri wa kilimo wa Ufaransa akasaini, Mouton akapanda la kwanza, na mpaka leo ni yeye tu kwenye ile orodha aliyewahi kupandishwa daraja. Wakaweka mchoro wa Picasso, ambaye alikuwa kafariki mwaka huohuo, na msemo ukageuzwa: wa kwanza ndimi, wa pili nilikuwa, Mouton habadiliki. Sherehe safi kabisa. Tatizo ni kwamba mavuno ya 1973 Bordeaux yalikuwa ya hovyo, waini nyepesi, haina mwili. Kwa hiyo cheti kizuri kikabandikwa kwenye chupa dhaifu, na ile ya maajabu ya 1945 imebaki na divisheni yake ya pili.

Haya, madalali hawakuwa wajinga kihivyo, zile kokoto za Pauillac hazijahama na wale wanne wa mwanzo bado wako vizuri. Nimekubali, yaishe.

Yote haya nilimmwagia shemeji nikiwa nimeshika koleo la mkaa, watu wameacha kula. Mwisho nikamuuliza, ukipewa bure leo utachukua ipi, ya 1945 au ya 1973?

Akafikiria kidogo. "Ya 1973," akasema. "Ina Picasso."

Nikaenda kugeuza mbuzi.