Tambi za Bure

Siku moja tulikuwa ufuoni Dunga, Kisumu, gugu maji limefunika Ghuba ya Winam hadi mitumbwi imekwama, nami nikamlaani aliyelileta. "Mtu anaona ua la zambarau, linampendeza, analibeba kwenda nalo kwake. Akili hana!" Mke wangu alikuwa kando akila samaki wake, hakunijibu. Maneno hayo aliyaweka akiba.

Mwaka uliofuata nilitoka mazishini upande wa Riat, nikateremka kwa miguu kutafuta boda. Kando ya barabara palikuwa na ua wa mtu uliofunikwa na nyuzi za manjano, zinang'aa kwenye jua la jioni utadhani kaanika dhahabu. Ua wangu kule Migosi ulikuwa wa duranta tu, umesimama kama askari aliyenyimwa chai. Nikatazama huku na huku, nikakata fundo moja. Mfuko sikuwa nao. Ile ya plastiki ni marufuku nchini tangu 2017, na mimi ni mtu wa sheria. Nikalivaa shingoni. Jamaa wa boda akanikagua toka kichwani hadi miguuni, akaniuliza nimeshinda kiti gani.

Nyumbani nilichimba shimo, nikatia samadi, nikamwagilia asubuhi na jioni. Sehemu iliyozikwa ikaoza. Kwa hasira nikang'oa iliyobaki, nikaitupa juu ya duranta, nikaingia ndani.

Loo! Kumbe ndiko ilikokuwa ikitaka kwenda. Wiki chache baadaye ilikuwa imejizungusha matawi yote. Nilivuta uzi mmoja ukakataa kutoka. Umeng'ang'ania kijiti kwa vijinundu vidogo, kama kupe kwenye sikio la mbwa. Mzizi hauna, jani hauna. Mtu mwenye akili angejiuliza kiumbe hiki kinakula nini. Mimi nilifurahi: maji ya mfereji kwetu huja yakipenda yenyewe, na hapa nimepata urembo usiodai hata kikombe. Nikapiga picha nikitabasamu, uzi mkononi, nikaituma kwenye kundi la WhatsApp la mtaa: "Majirani, anayetaka mbegu aje kwangu. Bure."

Watoto wakaiita tambi. Wakawa wanaikata na kuivaa kichwani kama wigi, wakikimbizana toka lango hadi lango. Nikacheka nao.

Kufika mvua za Aprili, duranta yangu ilibaki mifupa. Mama wa nyumba ya kona alikuwa na bogonvilia yake, hiyo hata mbuzi wa mtaa walikuwa wanaiheshimu kwa miiba. Ikasongwa yote. Mama akawa anaamka alfajiri kuinyoa kwa kisu cha jikoni, mikono imechanika, na kila kipande kilichoanguka kikawa kinaanza maisha upya tawi la chini. Kikao kikaitishwa. Mimi ndiye katibu, kwa hiyo niliandika kwa mkono wangu: "Ajenda ya tatu: Tambi. Nani kaileta?"

Naapa sikuwa nimejishuku. Kichwani mwangu ile ya kwangu ilikuwa pambo. Gugu lilikuwa lile la mama wa kona.

Mzee mmoja, afisa wa kilimo mstaafu, akatuelimisha. "Hiki ni kimelea. Kinatoboa kijiti, kinanyonya maji na sukari yake. Ukitupa kipande juu ya mti mwingine, umeshapanda. Kikitoa mbegu, zaweza kulala udongoni zaidi ya miaka 10 zikikungoja. Msisumbuke na dawa, mtaua na ua wenyewe. Kateni, mchome."

Nilisimama nikiwaka. "Mwenyekiti, aliyetuletea balaa hili atozwe shilingi 2,000, na mafuta taa ya kuchomea anunue yeye!" Makofi. Nikaketi, nikaandika: "Imepitishwa."

Mama wa kona hakupiga makofi. Alikuwa na simu yake, kidole kinapandisha, kinapandisha. "Mwalimu," akasema kwa upole, "miwani nimeiacha nyumbani. Hebu nisomee hapa."

Nikaipokea, nikasoma kwa ile sauti yangu ya darasani: "Majirani, anayetaka mbegu aje kwangu. B..."

Neno la mwisho halikutoka. Juu ya maandishi nilikuwa mimi, meno yote nje.

Nilijaribu kujitetea kwamba sikumlazimisha mtu, kwamba wapo waliokuja wenyewe kuchukua. Hapo mwenyekiti akashikwa na kikohozi kikali. Nilikumbuka vizuri alivyokuja magharibi ile, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi, akaondoka na nyuzi tatu chini ya koti. Nikadokeza faini igawanywe. Akasema kumbukumbu zimeshapitishwa, na mwandiko ni wangu.

Jumamosi tulichoma. Lita tano za mafuta taa, pesa zangu. Usiku nikiwa natoa moshi puani, mke wangu akauliza, "Baba watoto, ulisemaje vile kule Dunga?"

Sasa ua sina. Anayepita barabarani anajua nina suruali ngapi na ipi imetoboka wapi. Nimepanda miche mipya ya duranta, inanifika magotini. Jana jioni nikiimwagilia, nikamwona kijana wa jirani anakuja mbio, wigi la manjano linapepea kichwani, mbichi kabisa.

Nikatupa ndoo, nikamkamata shati. "Hiyo umeitoa wapi?"

Akageuka, akanyoosha kidole nyuma ya nyumba ya mwenyekiti.