Njia za Pemba zinatosha, tuache kuzidharau

Wazanzibari tulio Uingereza tukirudi likizo tunakuwa na tabia moja: barabara mpya ya lami tunaishangilia, na njia ya zamani ya kifusi, ile inayozunguka mashambani, tunaihesabu imekwisha kazi yake. Mimi sikubaliani na hilo. Naandika nikiwa Norfolk, mashariki ya Uingereza, mahali ambapo watu wanatoa paundi elfu mbili kununua baskeli ya kupandia njia za vumbi tu, zisizo na magari, zenye upepo wa bahari. Njia hizo wanazozitafuta kwa pesa zimejaa Pemba. Kwetu pamekosekana tairi inayofaa, alama za kuonesha njia, na watu wa kusema kwamba njia ya zamani ibakie hata lami ikija.

Chukua Peddars Way, njia ya tangu zama za Warumi, kiasi cha kilomita 74 kutoka Knettishall Heath mpaka Holme-next-the-Sea. Ni nzuri kweli: imenyooka, kimya, ina mawe, nyasi na mchanga kidogo. Lakini sheria ya Uingereza inazigawa njia za mashamba. Njia ya miguu ni ya miguu. Njia ya farasi iliruhusiwa baskeli mwaka 1968, kwa sharti umpishe aendaye kwa miguu na aliyepanda farasi. Na njia ya kando ya bahari yenyewe huko Norfolk, sehemu kubwa ni ya miguu, kwa hiyo mwenye baskeli anafika pwani halafu anatafuta barabara ya kurudia.

Pemba hatuna vizuizi hivyo. Njia inapita chini ya mikarafuu ya huyu, inateremka bonde la mpunga la yule, inatokea kwenye mikoko, na sharti lake ni adabu tu. Ukikaribia nyumba punguza mwendo. Ukipita uwanjani kwa watu shuka, toa salamu, ndio uendelee. Nguo za kubana wanazovaa waendesha baskeli wa Ulaya hazifai vijijini, suruali pana iliyovuka goti inatosha na haikuzuii kupiga pedeli. Msimu wa karafuu utakuta majamvi yametandikwa kando ya njia, pengine na juu yake. Tairi isiguse karafuu za mtu hata punje moja.

Sasa ardhi yenyewe, maana hapa ndipo wengi wanaokuja na baskeli za Ulaya wanapokwama. Magharibi na katikati ya kisiwa ni vilima vifupi vikali na udongo mwekundu. Upande wa Micheweni ni maweni, jiwe la matumbawe lenye ncha. Norfolk nako kuna mawe makali ya gumegume, ila hayakati namna moja. Gumegume hukata uso wa tairi, hasa siku ya mvua, kwa sababu mpira uliorowa hukatika kwa wepesi. Tobo lake ni dogo na dawa ya maji inayotiwa ndani ya tairi huliziba. Jiwe la Micheweni linakata ubavuni. Mkato wa ubavuni dawa haiuwezi, inamwagika yote. Beba kipande cha ubavu wa tairi kuukuu, urefu wa vidole vitatu, kilichochongwa kingo zake zisiwe kali. Kipachike kwa ndani penye mkato, tia mpira wa ndani, jaza upepo kidogo kidogo huku unatazama kama mkato unafutuka. Ukifutuka, punguza upepo na urudi taratibu.

Upepo wenyewe: mtu wa kilo 70 mwenye tairi ya milimita 45 atie psi 30 mpaka 35 (kipimo cha upepo kilichoandikwa kwenye pampu) kwa njia ya kifusi. Kwenye mchanga wa kuingilia ufukwe wa Vumawimbi tairi isiyo na mpira wa ndani ishushwe mpaka 22 au 25, na utaona inaelea badala ya kuchimba. Yenye mpira wa ndani usiishushe hivyo: ikigonga jiwe rimu inaubana mpira na kuutoboa matobo mawili sambamba, na watu wanadhani ni miba, wanapoteza saa nzima kutafuta mwiba usiokuwepo. Na dawa ya maji kwa joto letu hukauka mapema kuliko Ulaya, basi fungua uiangalie kila mwezi.

Kuna kosa la saizi linalowagharimu watu pesa. Baskeli kubwa tulizozizoea, za keria na breki za vyuma, tairi zake ni 28×1½, ubavuni pameandikwa 40-635. Ukiletewa kutoka Ulaya tairi iliyoandikwa 28 lakini ina namba 622, haiingii: rimu zinatofautiana milimita 13 za kipenyo. Tazama ile namba ya tarakimu tatu, usitazame 28. Kwa maoni yangu asiyekuwa na pesa nyingi achukue baskeli ya mtumba ya inchi 26, yenye namba 559, ile ya chuma isiyokuwa na springi mbele, aivishe tairi za 26×2.0 zenye meno mafupi. Hiyo itamfikisha popote Pemba, na fundi yeyote ataijua. Baskeli ya paundi elfu mbili siku ikivunjika kipande cha gia huko Konde, safari imekwisha.

Udongo mwekundu ukirowa ni habari nyengine kabisa. Wakati wa masika, Machi mpaka Mei, haupandiki. Unajikusanya baina ya tairi na uma wa mbele mpaka gurudumu linagoma. Nafasi hapo isipungue milimita 10 kila upande, na matopekinga yatolewe. Likigoma usilazimishe pedeli, utapinda kishikio cha gia. Beba baskeli mpaka kwenye majani, kwangua udongo kwa kijiti, ndio uendelee. Baadae cheni ioshwe kwa mafuta ya taa, ikauke, kisha itiwe mafuta ya cherehani tone moja kila pini na ifutwe kwa kitambaa. Oili chafu ya gari, ambayo mafundi wengi wanaipenda, inakamata mchanga na kula meno ya gia.

Ufukweni panda maji yakikupwa tu, kwenye mchanga uliorowa ulioshikana. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hukupwa kiasi cha saa nne asubuhi, nayo hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, basi toka saa mbili na uwe umeshageuka kabla hayajaanza kujaa. Chumvi haisubiri: maji baridi siku ile ile, hasa kwenye spoki na cheni.

Norfolk mwezi wa Juni jua linatua baada ya saa tatu usiku, unaweza kutoka kazini ukapanda mpaka ukachoka. Disemba halifiki saa kumi jioni. Pemba mwaka mzima magharibi ni saa kumi na mbili na kidogo, huna haja ya kubahatisha: sali alfajiri, toka, ufike kivulini kabla ya saa tano, na lita tatu za maji.

Jambo moja tu ndilo ningependa tulichukue kwao bila kubadilisha, nalo ni alama. Peddars Way ina nguzo zenye alama ya tunda la mwaloni kila njia inapogawika. Ng'ambo ya bahari, Limburg ya Ubelgiji, tangu 1995 kila njia panda ya baskeli ina namba, wazo la Hugo Bollen aliyekuwa mhandisi wa migodi. Mtu anaandika namba tano sita kwenye karatasi na kuzifuata, hana haja ya simu. Pemba njia panda ni nyingi na minazi inafanana. Kwa ridhaa ya masheha, rangi nyeupe na brashi vingetosha kuzipa namba njia za kutoka Chake mpaka Pujini kwenye magofu ya Mkama Ndume, au kupita Ndagoni kuelekea magofu ya Ras Mkumbuu, ambako kipande cha mwisho ni cha kushuka na kusukuma. Namba zipakwe kwenye mawe, si kupigiliwa misumari kwenye miti ya watu. Ngezi ni hifadhi ya msitu: huko ipitiwe ofisi ya langoni kwanza.

Na anayerudi likizo asihangaike kupakia baskeli nzima kwenye ndege. Tairi mbili za 559, mipira ya ndani sita, viraka na gundi, na kile kipande kidogo cha shaba kinachogeuza valvu nyembamba ya Ulaya ikubali pampu ya valvu nene kama ya gari. Ampelekee fundi wa kijijini kwao, kwa sababu huyo ndiye atakayeziweka baskeli njiani sisi tukishaondoka.