Kidonge cha Ijumaa

Paka wa shangazi yangu hana jina. Ni "Paka" tu, kama paka wengi wa mtaa wa Langoni, Lamu, na kazi yake ni kungoja vichwa vya samaki mlangoni. Mwezi wa pili alikataa kichwa cha changu. Aliyekaa Lamu anajua uzito wa habari hiyo.

Kesho yake akawa anakunywa maji ya ndoo, ya karo, hata ya birika la udhu, kisha anayatapika. Nikamwita daktari wa mifugo. Akamminya tumbo, akamfunua ufizi, akauliza: "Mwampa dawa gani?" Nikasema hatumpi dawa yoyote. Shangazi akakohoa.

Kumbe alikuwa akitoboa kidonge laini kwa pini na kumdondoshea Paka mafuta yake juu ya samaki. Ni vitamini D3, yuniti 50,000 kwa kidonge, aliyoletewa na jamaa kutoka Mombasa. "Mwanangu, nae ni mzee kama mimi, mifupa yamuuma. Nimuwate?"

Daktari akaigeuza chupa, akasoma: kimoja kwa juma. "Na wewe mama, wala kimoja kila Ijumaa?"

"Kila siku, nikisha kuswali alfajiri. Kwani vitamini nayo yadhuru?"

Hapo nikayakumbuka mambo ya shangazi tuliyoyapita tu. Kiu isiyokatika, tukasema ni joto la kaskazi. Choo kigumu, tukasema ni wali mwingi. Kuamka mara nne usiku kwenda haja ndogo, na chungu kilichoungulia mekoni akiwa amekaa mbele yake, tukasema ni uzee. Paka na mwenyewe walikuwa wanaugua maradhi mamoja, ila paka ndiye aliyetafutiwa daktari. Shangazi alipopimwa damu hospitali, kalsiamu ilikuwa juu.

Hivi ndivyo inavyokwenda. Vitamini D huufanya mwili unyonye kalsiamu kutoka kwenye chakula. Ikizidi, kalsiamu hujaa kwenye damu na wa kwanza kuumia ni figo. Nayo vitamini D haitoki kwenye mkojo kama vitamini C. Hujificha kwenye mafuta ya mwili majuma na majuma. Mtu mzima huhitaji yuniti 600 hivi kwa siku, mzee wa zaidi ya miaka 70 yuniti 800, na asiyeandikiwa na daktari asizidishe 4,000. Kile kidonge ni zaidi ya mara kumi na mbili ya mpaka huo. Sasa mpe kiumbe wa kilo tatu. Ziko sumu za panya huko ng'ambo ambazo kiungo chake ni hiyohiyo D3.

Sisemi vidonge hivyo ni vibaya. Mama aliyeshinda ndani ya nyumba ya mawe, akitoka yumo ndani ya buibui, anaweza kupungukiwa kweli, na daktari humwandikia hivyo vya yuniti 50,000 kwa muda, kwa juma mara moja. Ninacholalamikia ni kuvigawa kama halua. Na hili neno "asili" wanaloliandika kwenye chupa! Sifa, yale mafuta ya ini la papa, nayo ni ya asili. Ini la papa lina vitamini A tele, na kabla viwanda havijajua kuitengeneza, papa walivuliwa kwa ajili ya maini yao. Wazee wetu waliyapaka mafuta yale kwenye mbao za vyombo. Vitamini A nayo ikizidi huharibu ini la mtu, huweza kumdhuru mtoto tumboni, na paka anayelishwa maini kila siku shingo yake hukauka ikawa kama mti.

Kwenye rafu ya shangazi nilikuta pia vidonge vya kitunguu saumu, ambavyo huvunja chembe nyekundu za damu ya paka, na Panadol, ambayo kidonge kimoja chaweza kumuua. Na vile vya madini ya chuma alivyopewa binamu yangu kliniki alipokuwa mjamzito, vyekundu, vitamu kwa nje, viko mahali ambapo mtoto wake anayetambaa anafika kabla ya paka. Hivyo nilivihamisha siku ileile bila kuomba ruhusa.

Paka alitiwa maji chini ya ngozi siku tano. Anakula, ila amekonda, na ndoo bado haimtoshi. Shangazi alikatazwa vile vidonge na malalamiko yakamtoka: kwamba daktari wa punda na paka ndiye aliyemfichua.

Juzi akanipa chupa nyingine nimsomee, miwani haioni. Imetoka kwa jamaa yuleyule, safari hii ina picha ya paka mnene. "Hii ni yake mwenyewe," akasema. Nikaipeleka dirishani. D3 ilikuwa mstari wa pili.