Bajeti ya Nyumba ya Pwani Ianzie Paani

Ukipita kati ya Kilwa na Mtwara utaona maboma yaliyokaa miaka bila paa. Sababu haina siri: fedha iliishia kwenye lenta, yaani ule mkanda wa zege juu ya kuta. Wengi wetu tunapanga bajeti kwa mfuatano ule ule wa kujenga, msingi kwanza, kisha kuta, na paa "tutaangalia huko mbele". Huko bara pengine desturi hiyo humchelewesha mtu tu. Kwa pwani ya kusini naiona ndiyo kosa kubwa kuliko yote, kwa sababu kimbunga huanza kuibomoa nyumba juu, na huko juu ndiko tunakofika mifuko ikiwa mitupu.

Kwa hiyo nyumba ijengwe kutoka chini kama kawaida, lakini fedha ihesabiwe kutoka juu.

Najua jibu litakalokuja: vimbunga ni vya Madagaska na Msumbiji. Lindi ilipigwa tarehe 15 Aprili 1952. Zanzibar ilipigwa Aprili 1872, na mikarafuu ya Unguja ikalala chini. Kimbunga Kenneth kiliingia Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, tarehe 25 Aprili 2019, ng'ambo tu ya Ruvuma. Kimbunga Hidaya kilifika Mafia Mei 4, 2024, na mvua zake zikakata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi maeneo ya Somanga. Si kila mwaka, kweli. Lakini nyumba ya tofali hujengwa ikae miaka hamsini, na tarehe hizo zina jambo lingine la kufundisha: zote zimeangukia kati ya katikati ya Aprili na mwanzo wa Mei. Anayepanga kupaua ajue kwamba paa lililofungwa nusu halitakiwi kuikuta miezi hiyo. Fedha yote ya paa iwe mkononi kabla ya Juni, kazi ifanyike kiangazi.

Sasa hesabu yenyewe. Nguvu ya upepo haiongezeki sambamba na mwendo wake. Mwendo ukiwa mara mbili, nguvu huwa mara nne. Upepo wa kilomita 72 kwa saa husukuma kama kilo 25 kwa kila mita ya mraba. Wa kilomita 144 husukuma kama kilo 100. Paa la bati pamoja na kenchi (fremu za mbao zinazolibeba) na papi zake (mbao za kulala zinazopigiliwa bati) lina uzito wa kilo 20 hivi kwa mita ya mraba, na upepo unaopita juu yake hulinyonya kwenda juu. Maana yake paa letu halikai kwa uzito wake. Linakaa kwa vile tulivyolifunga, na kwenye pembe na kingo mnyonyo huo unaweza kuwa maradufu.

Chukua nyumba ya mita 10 kwa 8, paa la migongo minne (linaloteremka pande zote nne), mteremko wa nyuzi 30, bati likitokeza nje ya ukuta sentimita 45. Eneo la bati ni mita za mraba 112. Ongeza asilimia 10 hadi 15 ya vipande vinavyopotea kwenye mikato, kwani paa la namna hii lina mikato mingi. Mafundi hulilalamikia kwa sababu hiyo, na wana haki, lakini upepo huliteleza pande zote nne, tofauti na paa la migongo miwili lenye ukuta wa pembetatu unaosimama kifua mbele. Usitokeze bati zaidi ya sentimita 50 kwa ajili ya kivuli. Ukitaka baraza pana, lipe paa lake peke yake, lisiungane na kenchi za nyumba, ili likiondoka liondoke lenyewe.

Papi zikiwa kila sentimita 90 na migongo ya bati ikiachana sentimita 20, fundi anayeruka mgongo mmoja hutumia skrubu 310 hivi. Akipiga kila mgongo, 620. Inatosha kupiga kila mgongo kwenye kingo, kwenye kofia (bati la kufunika kilele) na kwenye mikunjo ya pembe, lakini hata ukipiga paa zima, tofauti ni skrubu 310. Linganisha na bei ya boksi moja la vigae vya sebuleni uone tunavyobana mahali pasipostahili.

Kiungo kinachosahaulika zaidi ni kile cha kenchi na ukuta. Kawaida mbao inayolala juu ya ukuta hushikwa kwa waya wa kufungia nondo, kisha kenchi hupigwa misumari ya inchi nne mshazari. Msumari hushika vizuri ukisukumwa ubavuni. Ukivutwa kufuata urefu wake hutoka kama ulivyoingia. Kinachotakiwa ni ukanda wa chuma chenye zinki, upana milimita 30, unene milimita 1.5, uliozamishwa ndani ya lenta kabla ya zege kumwagwa, ukapita chini ya nondo ya chini, kisha ukazungushwa juu ya kenchi na kupigiliwa. Kwa nyumba hii, kenchi zikiwa kila sentimita 90, ni pointi 40. Papi nazo zifungwe kwenye kenchi: makutano kama 140, kila moja kipande cha sentimita 40. Jumla ni mita 100 hivi za ukanda. Hiyo ndiyo tofauti kubwa kati ya nyumba inayobaki na paa na isiyobaki, na kwenye orodha nyingi za vifaa haina hata mstari.

Lenta nayo ishikwe. Kuta za nje na za ndani zikifika mita 60, lenta ya sentimita 15 kwa 20 hutaka nondo nne za milimita 12 (vipande 22 vya mita 12 pamoja na maungio), ringi 300 (vyuma vya kuzifunga nondo hizo pamoja) za milimita 8 kila sentimita 20 (vipande 14), na mifuko 13 ya saruji. Uzito wake ni tani 4 na kitu. Paa hilo kwenye upepo wa kilomita 144 linaweza kuvuta karibu tani 8. Kwa hiyo weka nguzo za zege kwenye pembe nne na kuta zinapokutana. Nguzo nane zenye nondo nne kila moja zitataka vipande vingine 11, vilivyotia mizizi kwenye msingi.

Hapa ndipo desturi ya kuacha boma inapouma. Nondo na kanda zilizotokeza juu ya lenta miaka mitatu kwenye hewa ya chumvi huliwa na kutu pale pale zinapoingia kwenye zege, na siku ya kupaua fundi anafunga kitu kilichobaki nusu. Kuta zisizo na paa la kuzishika nazo huanguka kwa upepo mdogo zaidi. Fedha ikikatika, pa kusimama ni pawili: kwenye jamvi (sakafu ya zege juu ya msingi), au baada ya kupaua. Ukisimama kwenye jamvi, vichwa vya nondo za nguzo vipake uji mzito wa saruji na uvifunike. Tofali za mbele zisinunuliwe mpaka bati, mbao na kanda za chuma ziwe zimelipiwa.

Kwa chumvi hiyo hiyo, mchanga wa ufukweni na maji ya kisima cha chumvi visiingie kwenye zege lenye nondo, hata kama mchanga wa mtoni unakuja kwa tripu ya mbali. Nondo ifunikwe na zege sentimita 4. Kwa Mafia ongeza mstari wa usafiri wa kuvusha mzigo Nyamisati hadi Kilindoni, tena mara mbili, kwa sababu kuna kitu kitasahaulika.

Maji hayahitaji maneno mengi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka baharini, na anayeikwepa kwa ajili ya mandhari anajinunulia hasara. Kuinua jamvi sentimita 30 zaidi ni mita za ujazo 24 za moramu (udongo wa changarawe) iliyoshindiliwa, yaani kama 30 ikiwa bado kwenye lori, imwagwe na kushindiliwa kila sentimita 15.

Fedha itoke wapi? Dari ya jipsamu ingoje, kwani ikilowa mara moja huporomoka. Vigae, fensi na geti navyo vingoje. Visipotosha, kata chumba kimoja kwenye ramani kabla ya kuchimba msingi. Watu hukataa hili kwa hasira, kisha wanakubali bati jembamba la geji 30 bila kubisha. Na asilimia 10 hadi 15 ya dharura isiguswe kabla kofia ya paa haijafungwa.

Yamebaki madirisha. La upande wa upepo likivunjika, hewa hujaa ndani na kulisukuma paa kutoka chini huku nje linanyonywa. Madirisha ya aluminiamu ya kusukuma yana vitasa dhaifu kwa kazi hiyo, na nondo za dirisha hazizuii hewa. Karatasi moja ya plaiwudi ya milimita 12, futi 8 kwa 4, huziba madirisha mawili ya futi 4 kwa 4. Madirisha manane, karatasi nne. Zikatwe na kutobolewa mapema, boliti zake zipakwe grisi, kila kipande kiandikwe namba ya dirisha lake, na zihifadhiwe pakavu ndani ya nyumba, si kwa jirani aliyeziazima kufunika banda.