Mlevi Hatumwi

Yakhe, mie nilipokuwa mlevi nilikuwa na cheo, ila sikukijua. Mlevi hatumwi. Ukitokea msiba, wanaume wa mtaa wanagawana majembe, mie naambiwa, "We kaa hapo kivulini, usije ukaingia kaburini kabla ya mwenyewe." Ikija harusi, pesa za mchango hazipiti mbele yangu hata kwa bahati mbaya. Mtu na mkewe wakigombana, wa kusuluhisha anaitwa kaka yangu. Miaka 19 nimeishi hivyo, na kodi yake ilikuwa matusi ya asubuhi tu.

Nilianzia shamba, kwa mgema. Anashuka mnazini, kotama kiunoni, kitoma mkononi. Tembo la alfajiri tamu, mtoto anaweza kunywa. Mchana linatoa povu lenyewe, jioni limeshakuwa kali, ukililaza siku mbili tatu ushapata siki ya kutilia achari. Mie nimelinywa katika umri wake wote. Hata siki nimeinywa, nikaja kuambiwa kikombe kishakwisha. Wanaosema mgema akisifiwa tembo hulitia maji hawakumjua wetu. Yule alikuwa akilitia maji bila hata ya kusifiwa.

Baadaye nikahamia chupa. Shaabani tukivunja jungu, mwezi ukiandama nakauka kama papa wa ng'onda, swala tano, tarawehe safu ya mbele. Ndio maana nikimwambia kila mtu mie si mlevi, kwani mlevi gani anakaa siku 30 bila kuonja? Siku ya Idd mosi nilikuwa nikiulipa mwezi mzima, na riba juu.

Sasa, nakaa Michenzani, hapa mjini Unguja, jengo namba 6. Wajerumani wa Mashariki waliotusaidia na majumba haya walikuwa watu wa nidhamu: jengo sawa na mwenzake, ngazi sawa, mlango sawa. Hawakumfikiria mtu anayerudi saa 7 za usiku. Siku hiyo nimepanda, nahesabu ghorofa kwa vidole, ufunguo unakataa. Nikagonga. Akafungua mama mmoja wa makamo, kajitanda kanga, wanawe wamelala ukumbini kwenye mkeka. Akanitazama, hakusema kitu. Nikawaruka watoto, nikakaa, nikauliza chakula kiko wapi. Akanipakulia! Wali na mchuzi wa changu. Nimekula mpaka sahani ikang'ara, nikamwambia, "Mchuzi wako leo hauna ndimu." Akaninawisha mikono, kisha taratibu kabisa: "Haya baba, nenda kwako namba 6. Hapa namba 7."

Asubuhi mke wangu alikuwa na habari nzima kabla sijafumbua jicho. Wali aliusamehe. Ya ndimu mpaka leo hajaimaliza, maana kwake sijawahi kutoa maoni juu ya mchuzi.

Kilichonipunguza ni daktari, kijana umri wa mwanangu. Alinichorea kwenye karatasi: bia ya nusu lita, kilevi asilimia 5, basi humo ndani mna mililita 25 za kilevi tupu, na ini linataka kama saa 2 au zaidi kuimaliza hiyo chupa moja. Akaniuliza naanza saa ngapi, naishia ngapi. Nikamwambia. Akapiga hesabu, akafuta, akapiga tena. "Mzee, kwa hesabu hii ini lako halijalala tangu mimi niko skuli." Na akanikataza kuacha ghafla! Mtu wa nyingi akikata siku moja, anasema, anaweza kutetemeka mpaka akashikwa na kifafa. Nishuke kidogo kidogo, na yeye ananitazama. Mke wangu aliposikia daktari kasema "usiache ghafla," akajua nimemhonga.

Nikashuka. Sasa ni chupa mbili, Jumamosi, basi. Na hapo ndipo mateso yalipoanza.

Kwanza macho yamefunguka. Kumbe dari letu linavuja. Kumbe mtoto wa tatu ana kidevu cha mjomba wake. Barazani nako nimekosa raha: rafiki yangu ana kisa chake cha ngalawa iliyopinduka kisiwani Chumbe, kila jioni nilikuwa nakicheka mpaka kahawa inanipalia. Juzi nikagundua kisa ni hichohicho kimoja, miaka yote. Mie ndiye niliyekuwa mpya.

Halafu watu wameniona. Sijui nani kanitangaza. Kaburi la wiki iliyopita nimepewa jembe, tena la mpini mrefu. Sheha, mkuu wa mtaa, ananiita kwenye vikao. Mpwa wangu anaposa, nimewekwa msemaji, mie niliyelala kwenye harusi yangu mwenyewe! Usiku nahesabu pesa za mchango za watu ndani ya kopo la maziwa, mke wangu kasimama mlangoni anahesabu nami kwa midomo, bila sauti.

Juzi hodi. Yule mama wa namba 7. Anaozesha binti, mmoja wa wale niliowaruka mkekani. Nikajua kaja kudai wali wake. Wapi! Anataka nisimamie jiko la wanaume, masufuria, wapishi, masinia, kuanzia alfajiri mpaka wageni waondoke.

"Mama," nikamwambia, "mtaa mzima huu, umeniona mimi tu?"

"Si wewe uliyeonja mchuzi usiku wa manane ukajua kilichopungua?"

Mke wangu akacheka mpaka akakaa chini. Nikauliza shughuli lini.

Jumamosi, yakhe. Saa 12 asubuhi nipo sokoni Darajani na kapu, nachagua ndimu moja moja.