Papa alipokataa kupatana na usasa, na yaliyofuata

Tarehe 8 Desemba 1864 Papa Pius IX alitoa orodha ya kauli 80 alizozihesabu kuwa ni upotofu. Ya mwisho ilidai kwamba Papa wa Roma anaweza, tena anapaswa, kupatana na maendeleo, uliberali na ustaarabu wa kisasa. Tarehe 7 Desemba 1965, Mtaguso wa Pili wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa zima, ukatangaza kuwa kila binadamu ana haki ya uhuru wa dini, ilhali Papa Gregory XVI mwaka 1832 alikuwa ameuita uhuru wa dhamiri wazimu.

Anayetaka kupatanisha imani Katoliki na fikra za kisasa aanzie hapa. Wengi hukimbilia kwa Galileo, mwanasayansi aliyehukumiwa na Kanisa kwa kusema kwamba dunia hulizunguka jua, lakini upande wa sayansi moto umeshapoa. Georges Lemaître, aliyeeleza mwaka 1927 kwamba ulimwengu unatanuka, alikuwa padre, na Papa Pius XII alipotaka kuuona ugunduzi wa namna hiyo kama ushahidi wa uumbaji, padre huyo hakufurahi: kwake fizikia ilikuwa fizikia. Mwaka 1996 Yohane Paulo II alisema mageuzi ya viumbe ni zaidi ya nadharia tupu. (Swali la Adamu na Hawa bado linazungumzwa kwa tahadhari, lakini halimzuii Mkatoliki kufundisha biolojia.)

Kinachosumbua ni historia. Mwaka 1902 padre Mfaransa Alfred Loisy aliandika kwamba mafundisho na miundo ya Kanisa vimekua kadiri ya mahitaji ya nyakati, na kwamba bila kukua hivyo Injili isingedumu. Alikuwa akilitetea Kanisa dhidi ya Mprotestanti Adolf von Harnack, aliyeona miundo hiyo kuwa imeifunika Injili ya awali! Mwaka 1907 Papa Pius X akalaani fikra za aina hiyo, akiziita usasa, mwaka uliofuata Loisy akatengwa na Kanisa, na kuanzia 1910 hadi 1967 mapadre na walimu wa seminari walilazimika kula kiapo cha kuupinga usasa.

Je, Pius X aliogopa kivuli? Sidhani. Kama mafundisho ni sura tu ya hisia za waumini, na hivyo ndivyo alivyozielewa fikra hizo, basi ufufuko nao unabaki kuwa faraja ya mitume waliofiwa. Loisy mwenyewe alikuja kukiri katika kumbukumbu zake kwamba, hata kabla ya kutengwa, hakuwa tena akikubali kifungu chochote cha Kanuni ya Imani kama kilivyo, isipokuwa Yesu kusulubiwa chini ya Ponsio Pilato. Tena, si kila cha kisasa huwa ni nuru. Mwaka 1927 Mahakama Kuu ya Marekani iliruhusu watu walioitwa punguani wafungwe uzazi kwa nguvu, na wasomi wengi wakaona hiyo ni sayansi. Papa Pius XI akaipinga waziwazi mwaka 1930. Hapo aliyeachwa nyuma na wakati ndiye aliyekuwa sahihi.

Hata hivyo gharama ya ule woga ilikuwa kubwa. Wataalamu wa Maandiko walinyamazishwa, hadi Pius XII alipowafungulia mlango mwaka 1943. Wanateolojia Yves Congar na Henri de Lubac waliondolewa kwenye ualimu miaka ya 1950, wakaitwa kuwa washauri wa mtaguso, na uzeeni wakafanywa makardinali. Ni heshima, lakini haiwarudishii miaka yao.

Silaha ya kawaida ya wapatanishi ni mwanateolojia Mwingereza John Henry Newman, aliyefundisha mwaka 1845 kwamba fundisho linaweza kukua bila kupoteza asili yake. Hoja yake inaeleza vizuri ukuaji. Inapwaya pale Kanisa linapokubali jambo lililokataliwa jana. Askofu Mkuu Marcel Lefebvre, Mfaransa aliyeyapinga mabadiliko ya mtaguso, aliita uhuru wa dini usaliti wa Mapokeo. Wapenda mabadiliko nao wanauona kuwa mwachano na ya kale, na wanaushangilia. Mahasimu hawa wanakubaliana juu ya kilichotokea.

Papa Benedikto XVI, tarehe 22 Desemba 2005, alijibu kwamba kanuni zinadumu, bali matumizi yake katika mazingira yanayopita huweza kubadilika. Kwangu ndilo jibu bora lililopo, ila lina tundu: kipi ni kanuni na kipi ni cha kupita, aghalabu hujulikana baada ya mabadiliko. Katekisimu, kitabu cha mafundisho ya Kanisa, iliporekebishwa mwaka 2018 na kusema adhabu ya kifo haikubaliki, waliolalamika walitoa hoja zinazofanana na za Lefebvre. Na wanaosubiri fundisho la mwaka 1968 linalokataza njia zisizo za asili za uzazi wa mpango libadilike wanategemea tundu hilohilo, bila uhakika wowote kwamba ni la kupita.

Mtaguso wenyewe ulisema mwaka 1964 kwamba kweli za imani zina ngazi, kadiri zinavyohusiana na msingi. Utatu na sheria ya jana ya serikali za kikatoliki iliyobana dini nyingine havipimwi kwa ratili moja. Anayewafundisha vijana kwamba kila neno lililowahi kutoka Roma lina uzito uleule anawaandalia mtihani mgumu: siku watakapousoma waraka wa 1832 kando ya tamko la 1965, hawatajua waiache karatasi ipi, na wengine wataziacha zote pamoja na Nasadiki.