Waje Njoro na ndoo?

Masika ikianza tu, utani ule ule unarudi vijiweni Moshi: "Kama vyura wamewaishia Kihansi, waje Njoro na ndoo, wachote bure." Tunacheka. Tatizo ni kwamba wapo wanaomaanisha, wakidhani chura wa mitaro ya hapa Njoro anaweza kuchukua nafasi ya yule wa korongo la Kihansi.

Haya. Chura wa mtaroni anataga mayai kwenye dimbwi, yanatoka viluwiluwi. Wa Kihansi anazaa vyura kamili, kila mmoja kama punje ya mchele. Jike lenyewe halifiki sentimita 3. Na dimbwi halimsaidii kitu, anataka manyunyu. Ukisimama chini ya maporomoko ya Materuni nguo zikalowa na mvua hainyeshi, hiyo ndiyo hewa anayoishi, usiku na mchana, mwaka mzima. Makazi yake yote duniani yalikuwa kama hekta 2, korongo moja tu milima ya Udzungwa. Alitambuliwa 1996, ujenzi wa bwawa la umeme ukiwa umeshaanza. Kufikia 2000, takriban asilimia 90 ya maji ya mto yalikuwa yamegeuziwa kwenye mitambo ya megawati 180. Manyunyu yakakatika.

"Si waliweka mabomba?" Waliweka, ya kutoa ukungu, maji yakishuka kwa mteremko. Lakini aliyewahi kupulizia kahawa anaijua nozeli: punje ya mchanga ikiingia, imeziba. Chujio lataka kusafishwa daima, tena korongoni, kwenye utelezi. Hata hivyo katikati ya 2003 vyura walifika kama 20,000. Miezi michache baadaye, kwisha. Waliookotwa wamekufa walikutwa na kuvu wa kitridi. Huyo hushambulia ngozi, na chura hunywa maji kwa ngozi. Chumvi za mwili zikivurugika, moyo unasimama.

2009 akatangazwa ametoweka porini. Wale 499 waliopelekwa Marekani kufugwa mwaka 2000, mliowacheka eti vyura wanapanda ndege na nyie hamjawahi, ndio chimbuko la waliorudishwa korongoni kuanzia 2012.

Umeme tunauhitaji, sawa, nimekubali.

Ila nyie waongoza watalii mnaotoka mlimani mkaunganisha Udzungwa: buti! Sugua tope kwanza, ndipo utie Jiki, maana dawa ikikutana na tope inaisha nguvu. Kisha anika zikauke kabisa. Kuvu huyu hawezi ukavu. Na ile ndoo ya vyura wa Njoro? Inaweza kumpeleka kuvu huyo huyo hadi mlangoni mwa chura wa Kihansi.